Diski Mpya na Michango ya Harusi

Sava ya ofisi yetu ilikuwa imeshiba hadi kooni. Kila nikiandika df -h, amri ya kuonyesha diski imejaa kiasi gani, nakuta asilimia 98, na watu wa mikopo hawana habari, wanaskani vitambulisho kwa rangi kama vile nafasi inaokotwa njiani. Bosi akaridhia diski mpya ya terabaiti 4.

Kijana wetu wa field akaomba aifunge yeye, apate cha kuandika kwenye logibuku. Akafungua kava, akachomeka, amri ya lsblk, inayoorodhesha diski, ikaonyesha jina lake sdb. Akaigawa kwa GPT, maana mpangilio wa zamani wa MBR unaishia terabaiti 2, akafomati kwa ext4, fomati ya Linux. Kwenye /etc/fstab, orodha ya diski ambazo sava huzipachika ikiwaka, akaandika ipachikwe /dev/sdb1, kipande cha kwanza cha sdb, kwenye folda la /srv/hati, na penye aina ya fomati akaweka auto, yaani itambue yenyewe. Tukapiga mount -a ipachike vyote vilivyo kwenye orodha, ikapita kimya. Linux ikinyamaza ujue imekusifia. Tukahamishia humo hati zote za wanachama, tukaenda zetu kula chipsi mayai.

Jumapili umeme ukakatika, ukarudi. Jumatatu hata sijashuka kwenye daladala, dada wa mapokezi huyo kwenye simu.

"Kaka, hati za wanachama hazipo. Folda limejaa mambo ya harusi."

"Harusi ya nani?"

"Ya dereva. Na wewe umo."

Nilipofika nilikuta ofisi imetulia ajabu. Hakuna anayepiga soga, hakuna aliyetoka kununua vitumbua, kila mtu kakodolea skrini yake. Ndani ya folda la hati kulikuwa na nyimbo za kwaya, picha za magauni ya zambarau, na jedwali lenye jina MICHANGO MPYA MPYA 2. Safu ya kwanza Jina, ya pili Ahadi, ya tatu Alichotoa. Ya nne, Maoni, ndiyo iliyokuwa inasomwa. Mimi: ahadi 30,000, nilichotoa sifuri, "ukimpigia anasema yuko chumba cha sava." Afisa mikopo: "anadai wanachama, yeye halipi." Bosi: ahadi 300,000, sifuri, "huyu tumwogope tu."

Mhasibu, mweka hazina wa kamati ya harusi, alikuwa mezani kwake kajishika kichwa.

"Mama, flashi yako iko wapi?"

"Si nimeichomeka nyuma ya sava tangu Ijumaa? Wewe mwenyewe ulisema Linux haishikwi na virusi. Nikasema ilale humo ipone."

Basi nikaelewa. Nilipofungua kava nikaona waya wa data wa diski mpya unaning'inia. Kijana hakuusukuma ukalia "ka". Sava ilipowaka haikuiona diski, na jina sdb hugawiwa kwa atakayetangulia kuonekana, halina mwenyewe. Flashi ikalichukua. Fstab ikatafuta /dev/sdb1, ikaipata, na kwa sababu ya ile auto haikuhoji chochote. Ingekuwa imeandikwa ext4, flashi yenye fomati ya FAT ingekataliwa mlangoni.

Afisa mikopo alishajaribu kuifuta ile sifuri yake akaandika "amelipa". Imegoma. Flashi ya namna ile ikipachikwa na root, mtumiaji mkuu wa sava, bila maelekezo zaidi inakuwa mali ya root. Wengine mnasoma tu, mnaumia. Alininong'oneza kama naweza kumfungulia kidogo. Nikamwambia taratibu haziruhusu, ingawa ukweli ni kwamba ningeanza na jina langu.

Nikapiga umount ili niipachue flashi. Jibu: target is busy. Maana yake kuna mtu ndani hajatoka. Nikaangalia smbstatus, ambayo hutaja faili lililo wazi na kompyuta iliyolishika. Wote walishafunga waliponiona naingia, isipokuwa mmoja.

Nikagonga mlango. "Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Naomba ufunge lile faili kidogo, nirekebishe sava."

"Faili gani?" akaniuliza, miwani yake yote imejaa mistari ya Excel.

Akafunga. Nikazima mashine, nikasukuma waya mpaka ukalia, nikawasha. Nikasoma UUID ya diski, utambulisho wake wa kipekee, kwa amri ya blkid, nikaiandika kwenye fstab badala ya sdb1, auto ikawa ext4, na nikaongeza nofail. Bila hilo neno, diski isipoonekana sava inasubiri sekunde 90 halafu inakataa kuendelea kuwaka mpaka mtu aje na nywila ya root. Hati za wanachama zikarudi zote.

Hadi saa nane mchana simu ya mhasibu ilikuwa inalia meseji za kupokea pesa bila kupumzika. Yangu ilikuwa ya tatu. Ya bosi ilifika nzima, na ya kutolea juu yake.

Jioni mama akaja mezani kwangu na flashi mkononi, kanyenyekea hasa.

"Mwanangu, ukiirudisha pale nyuma kuna ubaya? Bado kuna michango ya kipaimara."