Mfumo unaonyesha dozi zilipo. Nani anaruhusiwa kuzihamisha?

Machi 26, 2021 Malawi ilipokea dozi 102,000 za chanjo ya AstraZeneca kupitia Umoja wa Afrika. Muda wake ulikuwa unaisha Aprili 13. Ndani ya siku 18 chanjo itoke ghala kuu, ifike wilayani, iteremke mpaka kituoni, kisha mtu aliyejaa mashaka akubali kuchomwa. Mwezi Mei dozi 19,610 zilizobaki zikachomwa moto zenyewe, hadharani, jijini Lilongwe.

Yakitokea ya namna hii, wengi hupendekeza tiba ile ile: nunueni mfumo wa kompyuta wa kufuatilia chanjo na dawa. Sina ugomvi na mifumo hiyo. Ila tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa imechapwa kwenye kichupa, na kila aliyekishika aliweza kuisoma. Kilichokosekana Malawi ni muda, pamoja na imani ya watu, na hivyo viwili hakuna programu inayovileta.

Hata hivyo, wanaotetea mifumo wana ushahidi mzito, tena wa hapa hapa nyumbani Tanzania. Kati ya mwaka 2009 na 2010 mradi wa majaribio ulioitwa SMS for Life uliendeshwa Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga, katika vituo vya afya 129. Kila wiki mhudumu alitumiwa ujumbe wa simu: umebakiwa na dawa mseto kiasi gani, na kwinini ya sindano? Alijibu bure kwa simu yake ya kawaida, na akiwahi aliongezewa salio. Vituo vilivyoishiwa angalau aina moja ya dawa hizo za malaria vilikuwa asilimia 78 wiki ya kwanza. Wiki ya 21 vilikuwa asilimia 26.

Mimi huvutiwa zaidi na kilichojificha nyuma ya wastani huo. Lindi Vijijini tatizo lilikwisha kabisa. Kwingine lilipungua tu. Ujumbe ulikuwa ule ule, simu zile zile. Basi tofauti hiyo itafutwe nje ya simu: ghala la karibu lilikuwa na nini, gari lilikuwepo, na aliyesoma takwimu wilayani alifanya nini asubuhi iliyofuata.

Wanaolalamikia mifumo nao wasipuuzwe. Mradi ule uliuliza maswali machache mno. Dharura huja na tabia ya kinyume: ugonjwa mpya, fomu mpya, kishikwambi kipya. Muuguzi aliye peke yake zahanati ana leja ya stoo, ana rejesta ya wateja, na sasa anatakiwa kuingiza yale yale mtandaoni, jioni, intaneti ikikubali. Hapo ndipo takwimu za kubuni zinapozaliwa, na simlaumu sana anayezibuni. Ubaya ni kwamba kosa la daftarini hubaki zahanati, ila likishaingia kwenye mfumo linapanda hadi wizarani likiwa na sura ya ukweli, na shehena inayofuata inagawiwa kwa kulifuata.

Upande wa Congo, mwaka huo huo wa 2021, kuna mfano ambao naona unasemwa vibaya. Kinshasa ilipokea dozi milioni 1.7 za AstraZeneca mwanzoni mwa Machi, ikachelewa kuanza kuchanja hadi Aprili 19, kisha ikaachia takriban milioni 1.3 ziende nchi nyingine. Ghana pekee ikapata 350,000. Wengi waliona aibu. Mimi naona hesabu iliyotumika: muda unaisha Juni, kasi yetu ni hii, hatutazimaliza, wapewe wenye uwezo wa kuzitumia. Hesabu hiyo hata kikokotoo cha sokoni kinaitoa. Kazi ngumu ilikuwa kumpata mwenye mamlaka ya kusema "zichukueni", akasema mapema.

Ndiyo maana mtu akija kutandaza mfumo wake ukutani, wenye ramani na rangi nyekundu na kijani, ningemuuliza jambo dogo. Zahanati hii ina dozi 40 zinazoisha Ijumaa, na ile ya ng'ambo ya mto haina hata moja. Leo ni Jumatano. Mfamasia wa wilaya anaweza kuzihamisha kwa sahihi yake mwenyewe, au anasubiri barua? Na mafuta ya pikipiki yanatoka fungu gani?