Ramani ya Kuvuna Mvua Usukumani: Inachokiona na Kinachoipita

Ukiwa Ngudu, wilayani Kwimba, mwezi wa tisa, ng'ombe wakiswagwa mbali kufuata maji, ni vigumu kuamini kwamba Ziwa Victoria liko mkoa huohuo wa Mwanza. Lakini maji ya ziwa hayafiki Kwimba bila pampu na bomba. Ya mvua yanapita mlangoni yenyewe, kisha yanapotea. Yazuiwe wapi? Siku hizi swali hilo hupelekwa kwanza kwenye kompyuta.

Kazi yenyewe ni kupandanisha matabaka ya ramani: mvua, mteremko, udongo, matumizi ya ardhi. Kila tabaka hupewa uzito, na jumla hupakwa rangi, kijani panapofaa, nyekundu pasipofaa. Wilaya nzima hupepetwa kwa siku chache bila shimo hata moja kuchimbwa. Tena ramani humkinga mhandisi anapoulizwa kwa nini lambo, yaani bwawa dogo la maji ya mvua, halikuchimbwa kijijini kwa mheshimiwa.

Udhaifu unaanzia kwenye mteremko. Takwimu za bure za urefu wa ardhi kutoka satelaiti huja kwa vijisanduku vya mita 30 kwa 30, na kosa la kimo huweza kufika mita kadhaa. Tuta la lambo la kijiji lina mita 3 au 4. Kwenye tambarare, kosa laweza kulizidi tuta.

Udongo ndio mtihani zaidi. Usukumani, mteremko wa chini ya kilomita moja huweza kuanza na mawe, ukashuka kwenye luseni, mchanga unaonyonya maji, ukaishia mbuga, mfinyanzi mweusi unaoyashika. Ramani ya udongo ya kitaifa huweza kuupaka wote rangi moja; mkulima wa hapo huutofautisha kwa jembe. Na mbuga nayo ina hila: ikikauka hupasuka, hivyo tuta la mbuga tupu huvuja mvua za kwanza. Ichanganywe na udongo wa changarawe, ishindiliwe ikiwa na unyevu, tabaka la sentimita 15 hadi 20 kila mara.

Linaloudhi kuliko yote ni la majabali. Ukiweka kanuni ya kukataa mteremko unaozidi asilimia 5, mawe ya granaiti yote huwa mekundu. Kwa lambo la kuchimba, sawa. Ila jabali la mita za mraba 1,000, likijengewa kijikuta cha saruji cha kuongoza maji hadi kwenye tangi, hutoa lita 24,000 kwa mvua moja ya milimita 30, hata asilimia 20 ikipotea. Luseni ya ukubwa huo haifikishi robo yake.

Kina nacho hakimo kwenye rangi. Ng'ombe 200, lita 30 kila mmoja kwa siku, kiangazi cha siku 150: mita za ujazo 900. Jua likila milimita 5 kwa siku, maji hushuka sentimita 75 katika muda huohuo. Lambo la mita 1.5 limeshaliwa nusu kabla ng'ombe hajainamisha kichwa. Bora dogo la mita 3.

Kwa hiyo ramani itumike kukataa, si kuchagua, na mekundu yenye majabali yatazamwe upya. Kwenye kijani aende mtu na koleo: achimbe mita 2, ajaze maji, apime kilichoshuka baada ya saa 24. Shimo lililokauka usiku mmoja lifutwe. Aulize pia nani analima chini yake, maana mara nyingi pana majaluba ya mpunga, yanayotegemea maji yaleyale yanayotaka kuzuiwa huku juu.