Mau Mau haikuwa ya mashamba pekee

Jumapili mpwa wangu aliniletea daftari lake la historia. Swali lilitaka sababu kuu ya vita vya Mau Mau dhidi ya wakoloni Waingereza nchini Kenya. Yeye alijibu kwamba Waafrika walinyimwa sauti katika serikali ya nchi yao. Mwalimu amemtia kosa kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni neno moja tu: ardhi. "Kwani nimekosea, mjomba?"

Hujakosea hata kidogo, na hasira bado haijaniisha.

Sikatai kwamba ardhi ilikuwa kidonda. Nyanda za juu zilitengewa Wazungu kisheria, na baada ya Vita Kuu ya Pili askari wa Kizungu waligawiwa mashamba huku vijana wetu waliopigana Burma wakirudi mikono mitupu. Haya, nimekubali. Lakini watu wa Kiambu walianza kupoteza mashamba yao mapema kabisa, ukoloni ulipokuwa bado mchanga. Mbona basi msitu haukuwaka mwaka 1910? Mbona 1952? Kwa sababu kati ya hapo watu walipiga hodi kwa adabu zote, na kila mlango ulifungwa mbele yao.

Mwanasiasa Harry Thuku alisema hadharani juu ya kodi, kazi za lazima na kipande, yaani cheti cha utambulisho ambacho Waafrika walilazimishwa kubeba. Machi 1922 akakamatwa. Watu walipokusanyika Nairobi kudai aachiliwe, walimiminiwa risasi, na Mary Nyanjiru, mmoja wao, akafa pale pale. Chama cha KCA (Kikuyu Central Association) kiliandika barua na kupeleka maombi miaka na miaka. Mwaka 1940 kikapigwa marufuku. Mwaka 1944 serikali ilimteua Eliud Mathu kuingia Baraza la Kutunga Sheria, Mwafrika wa kwanza. Mmoja, wa kuwasemea mamilioni, tena wa kuteuliwa, wakati walowezi walikuwa wakijichagulia wajumbe wao tangu 1920.

Babu yangu hakuwahi kunihesabia ekari. Alichonisimulia ni kipande, kile cheti kilichotiwa kwenye kikopo cha bati na kuning'inizwa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Nilipokuwa mdogo nilidhani anasimulia habari za mifugo.

Sasa njooni mwaka 1951, mwaka ambao ningependa kila mtoto wa Kenya aujue. Waziri wa Makoloni wa Uingereza, James Griffiths, alikuja Nairobi. KAU (Kenya African Union), chama cha siasa cha Waafrika, ikamkabidhi madai yake: sheria za ubaguzi ziondolewe, na Waafrika wapewe wajumbe 12 wa kuchaguliwa. Hawakudai uhuru siku ile, wala hawakusema Mzungu afukuzwe. Waliomba viti 12. Jibu lililokuja ni hili: Wazungu takriban 30,000 wapate wajumbe 14, Wahindi, waliokuwa kiasi cha 100,000, wapate sita, Waarabu mmoja, na Waafrika, watu kama milioni tano, wapate watano, nao wateuliwe na serikali. Soma hesabu hiyo polepole. Mwaka huo huo Mbiyu Koinange na Achieng Oneko wa KAU wakatumwa London na ombi la ardhi, wasipate kitu. Ardhi yenyewe ilikuwa inaombwa kwa njia ya siasa, jamani! Asiye na kura angeidai kwa mlango upi mwingine?

Ndipo wale waliokuwa wakisema "tungoje kidogo" walipokosa la kujibu mbele ya vijana wa Nairobi, akina Fred Kubai na Bildad Kaggia. Kaggia alikuwa ametumikia jeshi la Mwingereza, akaiona Uingereza kwa macho yake. Mtu kama huyo utamwambia nini kuhusu subira?

Na machifu pia wasisahaulike. Waliwekwa na serikali, si na watu. Mwaka 1948 wanawake wa Murang'a walikataa kuchimba matuta kwa kulazimishwa na machifu hao. Kukataa amri namna ile ni siasa, hata kama jembe lilikuwa mkononi.

Oktoba 20, 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari na kuwakamata viongozi wa KAU, akiwemo Oneko yule yule aliyekuwa amebeba ombi hadi London. Mwaka uliofuata KAU yenyewe ikapigwa marufuku. Msitu wa Nyandarua na mlima Kirinyaga (Mlima Kenya), walikojificha wapiganaji, vikawa ndiyo baraza pekee lililobaki wazi.

Waafrika walikuja kupiga kura yao ya kwanza ya kuwachagua wajumbe wa Baraza Machi 1957. Kufikia wakati huo zaidi ya watu 1,000 walikuwa wamenyongwa, na makumi ya maelfu wamepitia kambi za kizuizini. Kura haikuwa ya kila mtu, na Mkikuyu, Mwembu au Mmeru alitakiwa kwanza aonyeshe cheti cha uaminifu kwa serikali. Viti walivyopewa Waafrika vilikuwa vinane. Miaka sita nyuma, kabla ya risasi hata moja kulia msituni, walikuwa wameomba 12.