Orodha ya mabalozi wapya ikitoka, msiishie kwenye majina

Kila ikitoka orodha ya mabalozi wapya watu wanakimbilia majina. Nani kapewa wapi, huyu ni mtu wa nani, yule alikuwa karibu na nani, basi, mjadala umeisha. Mimi huwa natafuta kitu kingine, naangalia huyo mtu alikuwa kituo gani kabla na huko anakopelekwa anakujuaje. Na mara nyingi hapo ndo napoishiwa nguvu, hata pale ambapo orodha yote imejaa wanadiplomasia wa kazi, wale waliopanda ngazi moja moja kuanzia chini kabisa ubalozini. Maana tumezoea kubishana nani ateuliwe, mwanasiasa au mtu wa wizara, tukasahau kuuliza kwa nini huyu aende pale na si kwingine.

Kuna hatua moja watu wengi hawaijui. Balozi hateuliwi na rais wake peke yake. Mkataba wa Vienna wa 1961, kifungu cha 4, unasema nchi inayotuma lazima kwanza ipate ridhaa ya nchi mwenyeji kuhusu mtu huyo, na nchi mwenyeji ikikataa hailazimiki kutoa sababu. Kwahiyo jina linapelekwa kimyakimya, linajibiwa kimyakimya, ndo baadae mnasikia tangazo. Na hata kukataa kwenyewe mara nyingi hakusemwi, wanakaa tu kimya mpaka mwenye jina lake aelewe.

Mwaka 2015 Ufaransa ilimchagua Laurent Stefanini aende Vatican. Huyu si wa kubahatisha, alishakuwa namba mbili kwenye ubalozi huohuo miaka ya nyuma, baadae akawa mkuu wa itifaki wa ikulu ya Paris, yaani ukitafuta Mfaransa anayeijua Vatican humpiti. Vatican haikusema ndiyo, haikusema hapana. Mwaka ukapita, 2016 Ufaransa ikakubali yaishe ikampeleka UNESCO, na muda wote huo ubalozi unaendeshwa na kaimu. Israeli nayo kipindi hichohicho ilikutana na ukimya wa namna hiyo kutoka Brazil kuhusu Dani Dayan, kiongozi wa zamani wa walowezi wa Kiyahudi wa Ukingo wa Magharibi, mwisho wa siku akaenda New York kama konsuli mkuu. Nataja hizi ili ieleweke kwamba upande wa pili wanasoma wasifu wa mtu kwa makini kuliko hata sisi tunaomtuma. Wanajua kalala wapi, kaandika nini, kasema nini miaka kumi iliyopita.

Sasa kama wao wanasoma, sisi tunaandika nini kwenye huo wasifu?

Chukua kile kioja cha Marekani. George Tsunis, mfanyabiashara wa mahoteli na mchangishaji mkubwa wa kampeni za Obama, alipendekezwa kwenda Norway. Januari 2014 akaitwa mbele ya kamati ya Seneti kuhojiwa. Akakiri hajawahi kukanyaga Norway. Katika maelezo yake akamtaja rais wa Norway, nchi ambayo ina mfalme. Alafu akakielezea chama kimoja cha huko kama kikundi cha pembeni ambacho serikali ya Norway inakilaani, na seneta McCain akalazimika kumkumbusha kwamba chama hicho kimo ndani ya serikali yenyewe, ni sehemu ya muungano unaotawala. Unaweza ukafikiria waliokuwa wanaangalia kule Oslo walijisikiaje. Jina lilining'inia karibu mwaka mzima, Desemba akajitoa.

Lakini stori haikuishia hapo na ndo sehemu ninayoipenda zaidi. Mwaka 2022 mtu huyohuyo akawa balozi Ugiriki. Yeye ni mtoto wa wahamiaji wa Kigiriki, lugha anaijua, kelele za Oslo hazikujirudia. Mtu ni yuleyule, kilichobadilika ni kituo.

Brazil nao walikuwa na yao. Kwa sheria yao mtu wa nje ya kada ya diplomasia anaweza kupewa ubalozi kama amezidi miaka 35 na ana sifa za kueleweka. Julai 2019 mtoto wa rais, Eduardo Bolsonaro, akatimiza 35, na kesho yake tu baba akasema anafikiria kumpeleka Washington. Kijana alipoulizwa sifa zake akataja mambo kadhaa na mojawapo ni kwamba alishaishi Marekani kwa programu ya kubadilishana wanafunzi na alishakaanga hamburger huko. Hii nchi ina chuo chake cha kufundisha wanadiplomasia, Instituto Rio Branco, tangu 1945, watu wanafanya mtihani mgumu balaa kuingia, alafu unawaambia hivyo. Oktoba mpango ukafa, Seneti ilikuwa haieleweki kama itapitisha.

Na msidhani sheria zinakosekana. Sheria ya Marekani ya utumishi wa nje ya 1980 imeandika wazi kwamba nafasi za ukuu wa ubalozi kwa kawaida wapewe watu wa kada, yaani wanadiplomasia wa kazi, kwamba anayeteuliwa anatakiwa awe na ujuzi unaofaa wa lugha kuu ya huko, na kwamba michango ya kampeni isiwe kigezo. Imeandikwa, ipo, tangu 1980. Alafu angalia London. Raymond Seitz alikuwa balozi wa Marekani pale kuanzia 1991 hadi 1994 na alikuwa mwanadiplomasia wa kazi, watu wakashangaa kama wameona kupatwa kwa jua, na waliomfuata wakarudi kuwa wanasiasa, matajiri na marafiki wa rais. Watu wa kada wanapelekwa kule kwenye joto, kwenye mabomu, kwenye nchi ambazo tajiri mchangiaji hawezi kumshawishi mke wake ahamie.

Mfano wa hao ni Ryan Crocker. Balozi Lebanon, Kuwait, Syria, Pakistan, Iraq, Afghanistan. Sita, na hakuna hata moja ya kwenda kupumzika. Anajua Kiarabu, alikuwemo ndani ya ubalozi wa Beirut ulipolipuliwa 1983. Ukisoma hiyo orodha unaona kuna mtu pale wizarani alikuwa anafikiri, kituo kimoja kinamwandaa kwa kingine, na hicho ndo naita uteuzi.

Watu wanauliza faida yake iko wapi hasa, si kila kitu siku hizi rais anampigia rais mwenzake simu? Nawapeleka Oktoba 1962, mgogoro wa makombora Cuba. Jumamosi tarehe 27 Kennedy kakaa na washauri wake, mezani kuna ujumbe wa aina mbili kutoka Moscow, barua ya jana yake yenye lugha laini kidogo, na mpya ya asubuhi hiyo inayodai Marekani nayo iondoe makombora yake Uturuki. Kennedy anaona mazungumzo ya ile barua ya kwanza hayatafika popote. Pale mezani yupo Llewellyn Thompson, mtu wa kada, ambaye alikuwa balozi Moscow tangu 1957 na ndo kwanza alikuwa amerudi miezi michache nyuma. Thompson alimjua kwa karibu Khrushchev, kiongozi wa Usovieti, yeye na mkewe walishakaribishwa kwake na kulala huko. Akampinga rais wake palepale, akamwambia hakubaliani, bado kuna nafasi, maana kitu ambacho Khrushchev anakihitaji ni kuweza kuwaambia watu wake kwamba ameiokoa Cuba isivamiwe. Mpeni hicho. Mazungumzo yalirekodiwa, ndo maana tunajua. Jibu lililoenda lilishika ile barua laini, la Uturuki likamalizwa pembeni kwa siri na balozi wa Kisovieti pale Washington, Anatoly Dobrynin, naye mtu wa kazi, ambaye alikuja kukaa kituo hichohicho mpaka 1986. Marais sita wa Marekani walimkuta au walimwacha pale.

Sasa niambie, hiyo habari ya Khrushchev anahitaji nini ungeipata kwa kupiga simu? Ilitokana na miaka ya kula chakula na watu, kusikiliza utani wao, kujua mtu akikasirika anamaanisha au anaigiza.

Lakini nisiwapambe kupita kiasi. George Kennan alikuwa mtu wa kada kabisa, Kirusi anakijua, Urusi anaijua kuliko karibu Mmarekani yeyote wa wakati wake, akafika Moscow kama balozi Mei 1952. Septemba akapita Berlin akawaambia waandishi kwamba maisha ya kidiplomasia Moscow yanamkumbusha alivyofungiwa na Wanazi wakati wa vita. Oktoba akatangazwa mtu asiyetakiwa. Miezi mitano tu! Na upande mwingine Edwin Reischauer hakuwa wa kada, alikuwa profesa wa Harvard, lakini kazaliwa Tokyo, Kijapani kinamtoka mdomoni bila shida, akapelekwa Japani 1961 akakaa mpaka 1966 na wengi wanamhesabu kati ya mabalozi bora waliowahi kwenda huko. Kwahiyo mlango wa watu wa nje usifungwe wote, mi nasema ufungwe kwa wale ambao sifa yao pekee ni hundi au undugu.

Hoja ya kwamba rafiki wa rais anapokelewa simu yake haraka, naikubali nusu. Ni kweli nchi mwenyeji inapenda mtu mwenye sikio la bosi. Shida ni kwamba huyo rafiki anabeba ujumbe vizuri kwenda, kurudi anarudi na alichoelewa yeye, na kama haelewi kitu basi bosi anapata hewa kwa haraka.

Tukirudi kwa wanadiplomasia wa kazi wenyewe, hapa ndo wizara nyingi zinajiangusha zenyewe bila msaada wa mwanasiasa yeyote. Chuo cha utumishi wa nje cha Marekani kinakadiria kwamba mtu anayeongea Kiingereza anahitaji wiki 88, masaa 2,200 ya darasani, kufika kiwango cha kufanyia kazi kwa Kiarabu, Kichina, Kijapani au Kikorea. Karibu miaka miwili ya mshahara mtu anajifunza kusoma na kuongea tu. Alafu kwa utaratibu wa kuzungushana vituo anakaa miaka mitatu hivi, na kinachofuata anapangiwa bara lingine ambako ile lugha hata kuagizia chai haimsaidii. Kwa nini? Kwa sababu zamu yake ya kituo kigumu imeisha na anadai kituo laini, au nafasi ya cheo chake imefunguka huko, au kuna mtu anatakiwa atolewe ili mwingine aingie. Sababu zote ni za ndani ya jengo la wizara, hakuna hata moja inayohusu nchi anayokwenda.

Najua kuzungusha kuna maana yake. Mtu akikaa sana anaanza kuitetea nchi mwenyeji kuliko aliyomtuma, hilo lipo na si dogo. Ila dawa yake ni kumhamisha ndani ya ukanda uleule, au kumrudisha wizarani kwenye dawati la nchi hizohizo kama Thompson alivyokuwa, si kumfuta akaanze sifuri. Uingereza walifikia hatua ya kukifunga chuo chao cha lugha cha wizara mwaka 2007 kubana matumizi, 2013 wakakifungua tena. Nadhani waliona wenyewe.

Alafu kuna ule mchezo wa kuutumia ubalozi kama jaa la watu wasiotakiwa nyumbani. Huu ni wa zamani. Molotov, mtu aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Stalin, alipopigwa chini 1957 alipewa ubalozi Mongolia. Mtu wa kada aliyekesha miaka 25 akisubiri nafasi akiona hivyo unategemea afanye nini, anaanza kutafuta naye mtu wa kumsemea, na ndani ya miaka michache wizara nzima imejaa watu wanaojua kujipendekeza kuliko kuandika ripoti.

Mimi ningeomba vitu viwili tu, na havihitaji sheria mpya. Kwanza, orodha ikitoka, pembeni ya kila jina waandike lugha anazoongea huyo mtu na miaka aliyowahi kufanyia kazi ukanda huo. Mistari miwili. Wenye kuteua wakijua hiyo safu itasomwa na kila mtu watajipanga vizuri zaidi, na patakapokuwa na sifuri mbili angalau tutauliza.

Pili ni makabidhiano. Kwa desturi balozi wa zamani anaondoka kwanza ndo mpya anaingia, hawapishani, katikati anakaa kaimu. Venice ya zamani balozi akirudi alitakiwa asimame mbele ya Seneti asome ripoti ndefu ya yote aliyoyaona, mfalme yukoje, nani anamsikiliza, hazina ina nini. Siku hizi anayeondoka anaacha mafaili na barua pepe, na mwenzake anakuja kukaa nusu mwaka akijitambulisha upya kwa watu ambao ubalozi wake unafahamiana nao tangu zamani. Wakutanisheni hao wawili wiki mbili kabla mmoja hajapanda ndege, nyumbani, kwenye chumba kimoja, na yule wa zamani asiruhusiwe kuanza likizo mpaka mwenzake aseme ameelewa.