Milimita za jicho na bei ya kuona viwili

Mwenye ugonjwa wa Graves, ambao kinga ya mwili huchokoza tezi ya shingo na mara nyingi macho pia, akijitazama kwenye kioo haoni tezi, anaona macho. Yametokeza, weupe umeizunguka mboni juu na chini, na kila anayekutana naye anamuuliza ameshtushwa na nini. Usiku kope hazifungi. Anaamka macho yanawasha kama yametiwa mchanga. Mtu huyo akisikia kuna upasuaji wa kuyarudisha ndani, hahitaji kubembelezwa. Shida ni kwamba anaweza kutoka na macho yaliyotulia, kisha akamimina chai pembeni ya kikombe kwa sababu mbele yake anaviona viwili.

Tundu la jicho ni kama sanduku la mfupa, ujazo wake takribani mililita 30. Kinga ya mwili ikivimbisha misuli na mafuta yaliyomo, mfupa haupanuki, kwa hiyo jicho ndilo linalosogea mbele. Upasuaji hautibu ugonjwa wenyewe. Unabomoa ukuta mmoja au zaidi ili kupata nafasi, au unapunguza mafuta.

Ubishi uko kwenye ukuta gani ubomolewe. Sakafu na ukuta wa upande wa pua ni myembamba, na ng'ambo yake kuna sainasi, nafasi tupu inayongoja kujazwa. Madaktari Walsh na Ogura waliitangaza njia hiyo mwaka 1957, wakipitia sainasi ya shavu, na kweli jicho hurudi. Lakini misuli inayovimba zaidi katika ugonjwa huu ni ule wa chini na ule wa upande wa pua, hiyo hiyo inayokosa pa kuegemea ukuta ukiondoka. Inazama sainasini, jicho linavutwa chini na ndani, na mwenzake hawaendi tena pamoja. Katika matokeo ya wagonjwa 428 waliopasuliwa kwa njia hiyo katika hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, yaliyochapishwa 1993, zaidi ya nusu ya wale ambao kabla hawakuwa na tatizo hilo walianza kuona viwili.

Ukuta wa upande wa sikio una hatari ndogo zaidi. Mfupa wake ni mnene, huchongwa kwa drili, na milimita ambazo jicho hurudi nyuma ni chache. (Nao una vituko vyake: wapo wanaoona picha ikitikisika wakitafuna, maana msuli wa kutafunia uko jirani.) Wengine hubomoa wa pua na wa sikio pamoja ili mvuto usawazike. Kutoa mafuta peke yake, njia aliyoiandikia daktari Olivari mwaka 1991, huacha mifupa salama, ila humfaa zaidi ambaye uvimbe wake ni wa mafuta kuliko misuli.

Takwimu za hatari hii zina mtego. Kuona viwili ukitazama dari si sawa na kuona viwili ukishuka ngazi au ukisoma ujumbe wa simu, lakini tafiti hazihesabu kwa namna moja. Mgonjwa akitajiwa asilimia, aulize ni ya kutazama wapi.

Yupo ambaye mjadala huu haumhusu: mwenye neva ya jicho iliyobanwa, rangi zinafifia na uono unapungua. Huyo steroidi, dawa za kupunguza uvimbe, zikishindwa, abomolewe ukuta wa pua mpaka nyuma kabisa. Viwili vitarekebishwa baadaye kwa miwani ya prizimu au upasuaji wa misuli, upofu haurekebishiki.

Kwa aliyebaki na sura tu, sikubaliani na wanaosema ni urembo. Kukodolewa kila siku ni ugonjwa wa namna yake. Hata hivyo, fundi cherehani anayeona uzi mmoja leo, ningependa aanze na ukuta wa sikio na mafuta, akubali milimita mbili pungufu. Mfupa uliobaki unaweza kuondolewa mwakani. Uliokwisha kuondolewa haurudi, na kope zenyewe hurekebishwa mwisho, baada ya misuli, kwa hiyo safari bado ni ndefu hata mambo yakienda vizuri.