Feri naenda mwenyewe
Kuna makala nimeisoma, mwandishi wake anaona sisi tulioacha kuagiza kila kitu kwa simu tunajitesa bure. Mimi tangu Ramadhani iliyopita, kila Jumamosi alfajiri niko Feri, soko la samaki la Dar es Salaam. Samaki unamshika, unamfunua matamvua uone kama bado mekundu, mnavutana bei na mchuuzi mpaka mnacheka. Kwa bodaboda nilikuwa naletewa samaki changu macho yameshazama ndani! Halafu napanda pantoni kwenda kwa shangazi Kigamboni, simu iko nyumbani. Foleni ipo, jua lipo, soga nazo zipo. Siku nyingine kulipa kwa simu sijaacha, nisiwe mnafiki. Tangu M-Pesa iingie nchini mwaka 2008, nani tena atembee na bunda la noti Kariakoo?