Malori ya Kasumbalesa: upepo unakula mazutu kiasi gani?

Kila lori la shaba linalotoka Lubumbashi kuelekea Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, huchoma mazutu (dizeli) kwa kazi mbili kubwa: kubiringisha tairi zake chini ya mzigo, na kuisukuma hewa iliyo mbele yake. Hiyo kazi ya pili imewashughulisha sana Wamarekani na Wazungu wa Ulaya. Katika miaka ya 1970, wahandisi wa NASA huko Edwards, California, walichukua gari la mizigo lenye umbo la sanduku, wakazifanya pembe zake za wima kuwa mviringo, na ukinzani wa hewa ukashuka kwa asilimia 40. Nafasi ya ndani ilipungua kwa asilimia 1.3 tu. Mwaka 2004 Marekani ilianzisha mpango wa SmartWay, ambao pamoja na mengine huidhinisha vifaa vya kupunguza ukinzani huo. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya uliruhusu kabini ziwe ndefu zaidi ili pua zake zipate umbo la kupasua hewa vizuri.

Je, wenye malori wa hapa Katanga wafuate njia hiyo? Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Nguvu ya hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo: ukipanda kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 90, hewa inakurudisha nyuma zaidi ya mara mbili. Paneli za ubavuni, zile zinazoziba uwazi ulio chini ya trela kati ya magurudumu, huokoa asilimia 4 au 5 ya mafuta kwenye barabara kuu za Marekani. Malori yetu nayo hayaendi karibu. Dar es Salaam ni kama kilomita 2,000 kutoka hapa, na Durban ni mbali zaidi. Halafu wapo wanunuzi: tangu 2023 Umoja wa Ulaya una sheria ya betri inayodai hesabu ya gesi ya kaboni inayotoka katika kuzitengeneza, na kobalti yetu, madini ya betri, iko humo.

Lakini asilimia hizo zilipimwa kwa trela ndefu za sanduku, kwenye lami laini, kwa mwendo wa karibu kilomita 100 kwa saa. Tufanye hesabu ya kwetu. Lori la tani 56, kiwango cha juu kinachoruhusiwa Zambia, likienda kilomita 80 kwa saa, hutumia takriban kilowati 80 kubiringisha tairi na kama 34 kusukuma hewa. Kwa kilomita 60, hewa inabaki na kilowati 14 hivi. Hata mwinuko wa Lubumbashi, zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, unachangia: hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa zaidi ya asilimia 10. Ukikata ukinzani kwa asilimia 10, unaokoa karibu lita moja kwa kila kilomita 100, na hapo ni kama unakwenda 80 bila kusita. Hadi Dar ni lita 20. Lori likiacha injini ikiunguruma kwenye foleni ya Kasumbalesa, linakunywa lita mbili hadi tatu kwa saa. Lita hizo 20 zinaisha kabla ya siku kwisha, na kila dereva wa njia hii anajua foleni ile inavyoweza kula siku.

Tazama pia mzigo wenyewe. Shaba ni nzito mno, kwa hiyo mafungu ya kathodi (bamba za shaba iliyosafishwa) yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma hayafiki hata mita moja juu ya sakafu ya trela. Nyuma ya kabini hakuna sanduku, kuna uwazi. Sasa lori lililonunuliwa likiwa limetumika Ulaya linakuja na bamba kubwa la upepo juu ya kabini, lililoundwa kuurusha upepo juu ya trela refu. Likivuta trela bapa, bamba hilo mara nyingi linaongeza tu ukuta wa kusukuma hewa. Mabamba mengi yana skrubu au matundu ya kuyashusha, lakini ukikagua utakuta kutu imeshika na hakuna aliyeyagusa tangu lori lishuke bandarini. Mafundi wetu wangeanzia hapo, maana kazi hiyo haitaki fedha ya kigeni.

Paneli za ubavuni nazo zina tatizo la mahali. Chini ya trela zetu ndipo lilipo tairi la akiba, pipa la maji na lile sanduku la chakula ambalo dereva hufungua kifuniko chake kikawa meza, akapika bukari (ugali) hapo hapo foleni ikiwa imesimama. Ukifunga paneli, unamnyima jiko lake na kumchelewesha akitaka kubadili tairi. Na kwenye mashimo na matuta, paneli ya plastiki haidumu.

Kwa hiyo mimi nasimama hapa: kwa malori ya shaba, paneli si za sasa. Kushusha mwendo kutoka 90 hadi 80 kunapunguza ukinzani kwa asilimia 21, bila kununua kitu. Lori linalorudi tupu ndilo linalokimbia zaidi, na kwa kuwa ni jepesi, zaidi ya nusu ya nguvu inakwenda kwenye hewa; humo turubai lililolegea linalopigapiga na taa zilizopangwa juu ya paa zinagharimu kweli. Kuna madereva wanaojibana nyuma ya lori la mbele ili kukwepa upepo. Wanaokoa, ndiyo, ila breki za tani 56 hazina msamaha, na nawasihi waache.

Mwenye trela za kontena zinazozunguka Tanzania na Zambia mwaka mzima ana hesabu tofauti. Huyo afunge paneli kwenye lori moja tu, aache lingine la aina ile ile bila kitu, yote mawili yapite njia moja na kujaza tangi pampu moja, kisha alinganishe lita kabla ya kununua za msafara mzima.